Unapaka Nini, Mama?

Mazungumzo ya leo ni ya wajawazito na ya wale wanaoishi nao: mume, mama mkwe, wifi, shoga wa karibu, hata dada wa saluni. Tunazungumza ngozi.

Mimba ikishaingia, ngozi hubadilika, na mara nyingi majirani huyaona mabadiliko hayo kabla ya mkunga. "Mbona umefubaa hivyo?" "Hiyo shingo imekuwaje?" "Mimba hii imekukataa, shoga." Yanasemwa kwa utani, lakini mwanamke huondoka nayo, akasimama nayo mbele ya kioo, na kesho yake akaenda nayo dukani. Hapo dukani ndipo nitakapokaa sana leo, maana madhara makubwa ninayotaka kuyazungumza yanatoka kwenye vikopo.

Lakini tuanze na mwili wenyewe. Katika ujauzito homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana, na pamoja nazo homoni inayoziamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Rangi ikiongezeka, chuchu na duara lake hukolea, kwapa na mapaja kwa ndani huwa meusi, kovu la zamani hujitokeza upya, na mstari mwembamba mweusi huchorwa katikati ya tumbo. Wapo wanaousoma mstari huo kutabiri kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Hausemi lolote juu ya hilo. Usoni, kwenye paji, mashavuni na juu ya mdomo, wengine hutokwa na mabaka ya kahawia yanayolingana kulia na kushoto. Madaktari huyaita melasma. Hakuna hata kimoja katika haya kinachomdhuru mama au mtoto. Mstari wa tumbo na weusi wa chuchu hufifia taratibu baada ya kujifungua. Mabaka ya usoni nayo hupungua kwa wengi, na yakikaidi yana matibabu yake baadaye kwa daktari wa ngozi. Hayana haraka.

Jua ndilo linaloyakoleza mabaka hayo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kivuli: kofia yenye ukingo mpana, mtandio uliovutwa mbele, mwavuli, na kuimaliza safari ya shambani au sokoni kabla jua halijawa kali. Mafuta ya kukinga jua yanafaa katika ujauzito, hasa yale yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, ambayo hukaa juu ya ngozi na karibu hayafyonzwi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, yale yaliyotiwa rangi ya hudhurungi ni bora zaidi, kwa sababu rangi hiyo, ambayo ni oksaidi ya chuma, huzuia pia mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, nao huchangia kuyakoleza mabaka. Najua bei yake si ya kila mfuko. Asiye na uwezo asijione amekosa. Kanga kichwani na mwavuli mkononi vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Ila mjamzito mwenye ualbino nitamsemesha peke yake. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua mahususi kwa watu wenye ualbino. Dada yangu, usiyaache kwa kuwa una mimba. Kwako wewe jua ni hatari kubwa kuliko chochote kilichomo ndani ya kopo hilo.

Sasa twende kwenye mkorogo wa kujichubua.

Unaujua unavyotengenezwa. Muuzaji anafungua tyubu mbili tatu mbele ya mteja na kuzikamulia kwenye kopo la plastiki. Anaongeza losheni, anatia mafuta ya maji kidogo, pengine na vidonge vilivyosagwa ambavyo hataki kuvitaja. Anakoroga kwa kijiti mpaka rangi inakuwa moja. Anafunika, anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya mfuniko: "USO". Kopo la pili anaandika "MWILI". Maelezo yote ya bidhaa yameishia hapo. Hakuna jina la kiwanda, hakuna viambato, hakuna tarehe. Mteja akiuliza, "Nina mimba ya miezi minne, haitanidhuru?" jibu analopewa ni moja kila mahali: "Hii ni ya kupaka tu, haiingii ndani."

Jibu hilo si kweli, na naomba tulishike hapo hapo. Zipo dawa za homoni na za maumivu ambazo hospitali huzitoa kwa kubandika kipande kama plasta kwenye ngozi, na dawa ikafika kwenye damu ikafanya kazi yake. Ngozi hupitisha. Haidrokwinoni, moja ya dawa kuu za kujichubua, hufyonzwa kwa kiasi kikubwa, zaidi ya theluthi ya kilichopakwa. Na mjamzito anayepaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miezi, anapaka eneo kubwa mno. Kinachoingia kwenye damu yake kinapita pia kwenye kondo la nyuma, mahali damu yake inapokaribiana na ya mtoto.

Ndani ya krimu za kujichubua vitu vinavyonitia hofu zaidi ni vitatu: zebaki, steroidi kali na hiyo haidrokwinoni. Nianze na zebaki, maana ndiyo mbaya kuliko zote.

Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaijua vizuri. Wanaichanganya na mchanga uliosagwa ili iikamate dhahabu. Sasa kwenye vipodozi huwekwa chumvi za zebaki, kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Tabia ile ya kukamata dhahabu haiondoki, na inaweza kukusaidia kuitambua: baadhi ya krimu zenye zebaki huandikwa onyo kwamba usizigusishe na dhahabu, fedha, alumini au vito. Ukiona onyo hilo, lirudishe kopo rafuni. Kwenye orodha ya viambato zebaki hujificha pia kwa majina mengine, kama vile kalomeli, au alama yake ya kikemia, Hg. Na kwenye kopo lililoandikwa "USO" kwa kalamu haijaandikwa popote.

Zebaki ya krimu huenda kwenye figo. Hili tumelijua Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa ya wagonjwa wao waliokuwa wamevimba mwili, figo zikipitisha protini nyingi kwenye mkojo. Walipouliza maisha yao, waligundua kwamba wengi, hasa wanawake, walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Tumbo la uzazi nalo halina ukuta wa kuizuia. Mwaka 1987 madaktari wa Ubelgiji walieleza habari za mtoto mchanga aliyekutwa na zebaki mwilini. Mama yake alikuwa akioga kwa sabuni ya zebaki wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua.

Dunia ina mkataba juu ya sumu hii, na unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, inayoshambulia ubongo, lakini kuna jambo moja kutoka Minamata ambalo kila mjamzito anapaswa kulijua: baadhi ya wanawake waliokuwa na dalili ndogo tu, au wasio na dalili kabisa, walizaa watoto wenye ulemavu mzito. Mama kujisikia mzima hakukuwa ushahidi kwamba mtoto yu mzima. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Kenya ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998. Rwanda iliwatuma polisi madukani kuziondoa krimu mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Hapa Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na tunaona mizigo ikiteketezwa. Na bado kopo linapatikana. Linapita kwenye njia za panya, linauzwa kwenye simu, linaletwa na mtu anayetoka safari. Mimi siwezi kumwambia mjamzito asubiri serikali imalize msako.

Steroidi kali ni habari nyingine, kwa sababu hizi ni dawa halali. Klobetasoli na betametasoni zina kazi hospitalini. Daktari humwandikia mwenye ugonjwa wa ngozi, kwa kiasi, kwa siku zinazohesabika. Anayejichubua hupaka ile ile mwili mzima bila kikomo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Dakar, Senegali, kwa wanawake 99 wenye mimba ya miezi sita hadi tisa. Kati yao 68 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha katika mimba ile ile. Waliotumia steroidi kali walikutwa na kondo dogo, na watoto wao wengi zaidi walizaliwa na uzito pungufu. Homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitengeneza wenyewe ili kuhimili maradhi na mshtuko, ilikuwa imeshuka. Utafiti mwingine mkubwa wa Uingereza, wa mwaka 2013, uliona hatari ya uzito mdogo ikipanda pale mama alipotumia zaidi ya gramu 300 za steroidi kali katika mimba nzima. Tyubu ya kawaida dukani ni gramu 15 au 30. Gramu 300 ni tyubu kumi za ile kubwa. Kwa mwenye kupaka mkono mmoja uliopata pumu ya ngozi ni vigumu kufika huko. Kwa mwenye kupaka mwili mzima ni suala la wiki chache.

Kwa hiyo wewe uliyeandikiwa na daktari krimu hafifu ya pumu ya ngozi usiitupe kwa kusikia neno steroidi redioni. Endelea kama ulivyoelekezwa. Nawasema wale ambao hawajaandikiwa na mtu.

Na kuna jambo ambalo wauguzi wa wodi za wazazi wanalijua, mama hajaambiwa. Steroidi ikitumika muda mrefu huidhoofisha ngozi. Siku ya kujifungua ikilazimu upasuaji, ngozi hiyo inashonwa kwa taabu, kidonda kinachelewa kufunga, na vijidudu vinapata mlango.

Haidrokwinoni sitaikalia sana. Haijathibitishwa kwamba inaharibu maumbile ya mtoto, lakini kwa kuwa inaingia mwilini kwa wingi hivyo, madaktari wanashauri iachwe mpaka baada ya uzazi. Na ikitumika miaka, huwageuka wenyewe waliotaka weupe: mashavu na vifundo hupata weusi wa bluu usiotoka tena.

Kuna kitu kipya zaidi kinachonisikitisha, nacho ni vidonge vya kumng'arisha mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ililazimika kutoa onyo hadharani, kwa sababu wajawazito walikuwa wakimeza vidonge vya glutathioni wakiamini watazaa mtoto mweupe. Hakuna kidonge kama hicho kilichoidhinishwa. Mtoto huyo hajaonwa na mtu, hajapewa jina, na tayari rangi yake inaonekana kosa. Nawaomba mawifi na mama wakwe mnisikilize hapa, kwa sababu mara nyingi shinikizo hili halitoki kwa mama mwenyewe.

Sasa niseme kwa nini nang'ang'ania kwamba mama aseme kliniki anachopaka. Ukifika kliniki ya wajawazito unapimwa presha, unapimwa mkojo. Kwenye mkojo mhudumu anatafuta protini, kwa sababu protini pamoja na presha ya juu huashiria kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua. Lakini nilisema zebaki nayo huifanya figo ipitishe protini. Na steroidi kali zikiingia nyingi mwilini zinaweza kupandisha presha na sukari. Mwone basi mhudumu aliyesimama na karatasi ya kipimo mkononi: anaona protini, anaona miguu imevimba, na hajui kwamba chini ya kitanda cha mama huyu kuna makopo mawili. Anaweza kutibu ugonjwa mmoja akauacha mwingine. Anaweza kukulaza, akakupeleka hospitali ya rufaa, na huko wodini dada yako akakuletea kopo lako kwenye kikapu cha chakula.

Na ukiamua kuacha, usiache kimyakimya ikiwa umepaka kwa muda mrefu. Mwili uliozoea steroidi nyingi unaweza kuwa umeacha kutengeneza kotisoli ya kutosha, na ukikatiwa ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kutapika, kulegea. Ngozi nayo huwa nyekundu, ikawaka, ikawasha, na wengi hurudi kwenye kopo kwa mateso hayo. Beba kopo lenyewe, au piga picha, nenda nalo kliniki. Lile lenye zebaki halina cha kupunguza taratibu. Linakoma siku hiyo hiyo, na taulo na foronya zifuliwe, kwa maana mabaki yake hukaa kwenye nguo na mvuke wake huvutwa na watoto wengine mnaolala nao.

Nihamie kwenye kuwashwa. Tumbo likitanuka, ngozi kavu huwasha kidogo, nayo hutulizwa na maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni isiyo kali, na mafuta mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yanatosha. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Wengine, hasa wenye mimba ya kwanza, katika wiki za mwisho hutokwa na vipele vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu. Vinakera sana na havina madhara. Huisha baada ya kujifungua.

Lakini kuna kuwashwa kwa namna ya pekee, na naomba hapa uache unachofanya unisikilize. Kunakuja zaidi miezi mitatu ya mwisho. Viganja na nyayo vinawasha, usiku ndiyo huzidi, mama hulala akisugua miguu kwenye mkeka, na ukiitazama ngozi huoni kipele isipokuwa alama za kucha. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa ini la ujauzito. Nyongo haitiririki inavyopaswa, asidi zake zinajikusanya kwenye damu. Mama hataumia sana. Mtoto ndiye aliye hatarini. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba asidi hizo zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda waziwazi. Chini ya hapo hatari ni ndogo, na ndiyo maana kipimo cha damu ni muhimu: kinawawezesha madaktari kuamua kama mtoto asubiri au azalishwe mapema. Hakuna losheni inayotibu hili. Ukianza kuwashwa hivyo, na zaidi macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, usimalizie wiki ukingoja siku ya kliniki.

Viganja hivyo hivyo na nyayo hizo hizo zikitoka vipele ambavyo haviwashi, fikiria kaswende. Najua neno hilo linawatia watu aibu. Kipimo chake kipo kliniki, tiba yake ni sindano ya penisilini, na ikitolewa mapema inamlinda mtoto asizaliwe na ugonjwa au asife kabla ya kuzaliwa. Mume naye atibiwe.

Chunusi. Huongezeka kwa wengi katika miezi ya mwanzo. Krimu ya benzoili peroksaidi, asidi ya azelaiki, au klindamisini ya kupaka hutumika bila wasiwasi mkubwa, muulize mfamasia. Kinachopaswa kuogopwa ni vidonge vya isotretinoini, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 na baada ya muda mfupi vikajulikana kwamba huharibu ubongo, moyo na masikio ya mtoto. Anayevitumia anatakiwa aviache angalau mwezi mzima kabla ya kushika mimba. Ndugu zake wa kupaka, kama tretinoini na adapaleni, hawajaonyesha madhara ya namna hiyo, lakini nao huachwa kwa tahadhari. Ikiwa ulikuwa ukipaka kabla ya kujua una mimba, usikose usingizi. Acha, halafu sema kliniki. Na kitu cha mwisho juu ya chunusi: doksisaiklini na tetrasaiklini, ambazo mtu hununua duka la dawa kama peremende, zikimezwa kuanzia katikati ya mimba zinaweza kuingia kwenye mifupa ya mtoto na kuyatia meno yake madoa ya kudumu.

Michirizi je? Mapitio ya tafiti sita zilizohusisha wanawake wapatao 800, yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2012, hayakuona krimu wala mafuta yoyote yanayoizuia kwa uhakika. Inategemea zaidi ulichorithi, umri wako na jinsi uzito ulivyopanda. Paka mafuta ya nazi kwa raha ya ngozi, mumeo akusaidie mgongo, na pesa ya ile krimu ya bei mbaya inunue mayai.

Nisiwasahau wa pwani, maana kujipamba huku hakusimami kwa sababu ya mimba, na wala sioni kwa nini kusimame. Liwa iliyosagwa kwenye msio na maji ya marashi haina tatizo kwa ngozi iliyoizoea. Hina ya majani, ile inayokaa saa kadhaa na kutoa wekundu, ni salama kwa mama aliye mzima. Piko ndilo la kuachwa. Weusi wake wa haraka unatoka kwenye dawa ya nywele ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, nayo huweza kuchoma, kutoa malengelenge kwa umbo lile lile la ua lililochorwa, na kukuachia mzio wa maisha kwa dawa zote za aina hiyo. Wanja nao uangalie umetoka wapi. Baadhi ya wanja wa mawe unaoletwa kutoka Asia na Ghuba una risasi, yaani madini ya ledi. Ledi hupita kondoni kwenda kwa mtoto, na hujihifadhi kwenye mifupa ya mama kwa miaka.

Mtoto akizaliwa, wapo watakaotaka kumpaka hina, kwa heri na baraka. Tafadhali wasimpake. Watu wengi wa ukanda wetu wa malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto mwenye upungufu huo akipakwa hina chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka. Anapauka, anakuwa wa manjano. Vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo hufanya vivyo hivyo. Nguo za mtoto alizorithi kwa kaka yake, kama zilihifadhiwa na vidonge hivyo, zifuliwe na kuanikwa juani vizuri kabla hazijamgusa, au zihifadhiwe bila hivyo tangu mwanzo.

Naishia kwa wauguzi na wakunga mnaotusikiliza. Mama anayejichubua anajua kwamba mnalijua. Anasugua vifundo vya vidole kabla ya kuja, anavaa mikono mirefu, na mkimuuliza kwa ukali mbele ya foleni, "Wewe nawe unajikoboa na hilo tumbo?" atakana, na mwezi unaofuata huenda asije. Nimewasikia wanawake wakisema ni afadhali kukosa kliniki kuliko kusemwa vile. Muulizeni kila mjamzito, mweusi na mweupe, aliyevaa vizuri na aliyevaa kanga moja, kama mnavyomuuliza kila mmoja tarehe ya hedhi yake ya mwisho: "Unapaka nini, mama? Na sabuni gani?" Akijibu, liandikeni jina kwenye kadi yake pamoja na tangu lini, ili atakayepima mkojo wake mwezi ujao, na atakayempokea usiku wa uchungu, asianze kubahatisha.